“Mambo ya Fedha Si Kazi Yangu”: Neno Linalowafaa Wezi



Kuna neno ambalo limezoeleka sana midomoni mwa watu waliosoma, nalo husemwa kwa tabasamu kana kwamba ni sifa: “Mimi si mtu wa hesabu. Mambo ya fedha waulizeni wahasibu.” Hulisema muuguzi mkuu wa kituo cha afya, hulisema mkuu wa shule, mhandisi wa barabara, mwanasheria aliyetoka chuo kikuu juzi, na hata rais wa kikundi cha vijana. Hakuna anayeona haya kulisema. Lakini mtu huyo huyo angeona haya kubwa kama angelazimika kukiri mbele ya watu kwamba hajui kusoma.

Nataka kulipinga neno hilo waziwazi. Mtaalamu asiyejua misingi ya fedha ni mtu asiyejua kusoma sehemu moja ya kazi yake mwenyewe. Matunda ya ujinga huo ni mawili, nayo yote ni machungu: mwizi hupata mahali pa kujificha, na asiye na hatia hukosa ushahidi wa kujitetea. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Anayetia sahihi ndiye atakayejibu

Katika nchi yetu, kijana anayefanya kazi yake vizuri hakai muda mrefu bila kukabidhiwa fedha za wengine. Mwalimu aliyejifunza namna ya kutayarisha somo la sehemu na desimali hufanywa mkuu wa shule baada ya miaka michache. Tangu siku hiyo hukaa katika COGES, huwajibu wazazi wa COPA, hupokea fedha za uendeshaji na kutia sahihi juu ya karatasi za matumizi. Muuguzi aliyefundishwa kupima homa na kuzalisha akina mama hupewa kituo kizima cha afya, na CODESA humtaka aeleze mapato ya mwezi. Mhandisi hupewa makadirio ya ujenzi wa daraja. Hakuna aliyewauliza kama wanajua maana ya tarakimu zile.

Mimi nililelewa katika kazi ya ualimu, na naisema lawama hii kwanza kwa watu wa nyumba yangu. Tunamfundisha mwalimu kijana saikolojia ya mtoto, didaktiki na maadili ya kazi, na tunafanya vema. Lakini ni mara chache sana tunamkalisha mbele ya daftari la sanduku na kumwambia: “Soma hapa, utuambie kama shule hii itafika mwezi wa saba.” Tunamkabidhi funguo za nyumba bila kumwonyesha mlango ulipo.

Sahihi haina kisingizio. Siku ya ukaguzi hakuna atakayeuliza kama ulisomea uhasibu. Wataangalia jina lililo chini ya karatasi, na jina hilo ni lako.

Fikirini pia juu ya mtunza sanduku mwaminifu ambaye aliandika mapato kwenye vipande vya karatasi, akalipa usafiri wa kwaya bila stakabadhi, akaazima dola tano kutoka sanduku moja ili kujaza jingine. Baada ya miezi mitatu mtu anasimama mkutanoni na kuuliza: “Dola 70 ziko wapi?” Hakuiba, lakini hawezi kuonyesha. Ataondoka katika kikundi akiwa na doa ambalo daftari la kurasa kumi lingelimkinga nalo. Tumewapoteza watu wema kwa njia hiyo, wakati mwizi wa kweli, ambaye hupenda sana vikundi visivyo na daftari, anabaki akiitwa ndugu mpendwa.

Mambo manne yasiyohitaji shahada

Watu huogopa fedha kwa sababu wanadhani zinahitaji hisabati ya juu. Si kweli. Karibu yote mtakayohitaji ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na asilimia, yaani mambo ambayo mtoto hujifunza kabla ya kuketi kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Ugumu uko katika kuuliza swali linalofaa. Nitatoa mifano minne kutoka maisha yetu.

Wa kwanza: fedha iliyoingia bado haijawa faida. Tuchukue kituo cha afya kilichonunua dawa za dola 400. Dawa zote zimeuzwa, na sandukuni kuna dola 520. Muuguzi mkuu, mwenye moyo mwema na wafanyakazi wanaolipwa vibaya, anawagawia dola 300 za marupurupu. Wote wanamshukuru. Mwezi unaofuata anakwenda kwenye ghala la dawa akiwa na dola 220 mkononi, huku rafu zake zikihitaji dawa za dola 400. Hakuna aliyeiba hata franka moja. Kituo kimekula mtaji wake, na mama anayemleta mtoto mwenye malaria anaambiwa kwamba dawa zimekwisha. Ziada ilikuwa dola 120 tu, na hata hiyo ilipaswa kwanza kulipia usafiri na kufidia dawa zilizopita tarehe.

Tena, ikiwa dawa huuzwa kwa franka wakati ghala hudai dola, mambo huzidi kuwa makali. Tuseme dola moja ilikuwa franka 2 500. Zile dola 520 zilikuwa franka 1 300 000. Fedha hizo zikikaa sandukuni mpaka dola ifike franka 2 800, zitanunua dola 464 pekee. Karibu nusu ya ziada imeyeyuka bila mkono wa mtu kuigusa. Mkuu wa kituo asiyejua hivyo atawashuku wafanyakazi wake bure.

Wa pili: kila chombo huchakaa, na uchakavu una bei. Kikundi cha vijana kimepata mashine ya fotokopi ya dola 1 200, nayo inatazamiwa kudumu miaka minne. Kila mwezi huingia dola 180. Karatasi, wino na mafuta ya jenereta hula 130. Hubaki 50, nao hugawana zote 50. Mwaka wa nne mashine inakufa, na kikundi kinaanza kutafuta mfadhili mwingine, kikilalamika kwamba miradi ya vijana haina bahati. Bahati haina lawama hapa. Dola 1 200 zikigawanywa kwa miezi 48 ni dola 25 kila mwezi. Nusu ya kile walichokiita faida ilikuwa mashine yenyewe, wakiila kidogo kidogo. Vitabu vya Kifaransa huita jambo hilo “amortissement”, na neno hilo limewatisha wengi. Maana yake ni kukumbuka kwamba kilichopo leo hakitakuwapo kesho, na kuweka akiba kwa ajili ya siku hiyo.

Wa tatu: bei ya mkopo imo katika namna ya kuihesabu riba. Kijana mwalimu anakopa dola 600 kwa miezi 12, na anaambiwa riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Anakubali, maana asilimia 3 ni kidogo. Lakini kuna njia mbili. Katika njia moja riba huhesabiwa juu ya deni lililobaki: kila mwezi anarudisha dola 50 za mtaji, deni linapungua, na riba inapungua nalo, mwisho wa mwaka atakuwa amelipa riba ya dola 117. Katika njia nyingine riba huhesabiwa kila mwezi juu ya dola 600 za mwanzo, hata pale ambapo amebakiza dola 50 tu: ni dola 18 mara 12, yaani dola 216. Asilimia ni ile ile kwa jina, lakini katika njia ya pili anabeba mzigo wa takriban asilimia 5 kwa mwezi juu ya deni analodaiwa kweli. Aliyejua angeuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: “Riba ni juu ya deni la mwanzo au juu ya deni lililobaki?” Swali hilo pekee lina thamani ya dola 99.

Wa nne: ahadi ya faida kubwa inaweza kupimwa kwa kalamu. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1991, pale Kinshasa, watu walipopanga foleni kupeleka akiba zao kwa Bindo Promotion na nyumba nyingine za mchezo huo. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, na siku waliofuata walipopungua kila kitu kilianguka. Mchezo huo haukufa. Leo unakuja kwa simu, una jina jipya, na mara nyingi unaletwa na rafiki. Mtu akikuahidi asilimia 30 kwa mwezi, keti uhesabu: dola 100 zikikua kwa asilimia 30 kila mwezi, na faida ikiachwa ndani, zitakuwa zaidi ya dola 2 300 baada ya miezi 12. Ni biashara gani halali katika mji wetu inayozalisha hivyo? Asipoweza kukuonyesha fedha hiyo inatoka wapi, basi inatoka kwako na kwa wale utakaowaleta.

Visingizio vinavyosikika

Najua mtakachonijibu, maana nimekwisha kukisikia mikutanoni.

Wengine husema: “Mshahara wangu ni mdogo, nitahesabu nini?” Kisingizio hiki kinastahili heshima, maana kinatoka katika maumivu ya kweli. Hakika hesabu haziongezi mshahara, na asiwadanganye mtu kwamba umaskini wa walimu na wauguzi wa Kongo unatokana na kutojua kuandika bajeti. Mshahara usiotosha ni dhuluma, na dhuluma huondolewa kwa haki. Hata hivyo, tajiri akikosea hesabu hupoteza ziada. Maskini akikosea hupoteza ada ya mtoto. Mwenye dola 150 kwa mwezi hana nafasi ya kulipa riba ya dola 99 asizozijua. Tena, mtu anayedai haki yake akiwa na tarakimu mkononi husikilizwa kuliko anayelia tu. Mama zetu sokoni, ambao wengi wao hawakumaliza shule, wanalielewa jambo hili kuliko sisi wenye diploma. Katika likelemba na katika AVEC kila mwanachama anajua nani ametoa, nani amepokea, na zamu ya nani inafuata. Hawasemi kwamba fedha si kazi yao.

Wengine husema: “Tunao wahasibu.” Ndiyo, na tuwaheshimu. Siombi kila muuguzi awe mhasibu, kama vile daktari haombi kila mgonjwa awe daktari. Lakini mgonjwa anayejua kusoma kipimajoto hadanganywi kwamba hana homa. Mkuu asiyeweza kuuliza swali hana mhasibu. Ana bwana anayemtawala bila yeye kujua.

Na wahasibu nao wasipite bila lawama. Wako wanaopenda kusema kwa maneno mazito ili mkutano unyamaze. Taarifa isiyoeleweka na wale waliotoa fedha haijatimiza kazi yake, hata kama hesabu zake ni sahihi. Mhasibu mwema hueleza mara mbili, na mara ya tatu huleta mfano wa sokoni. Mkimpata wa namna hiyo parokiani, mshikeni asiwaache.

Wengine tena husema, kwa sauti ya ibada: “Fedha ni mambo ya dunia, sisi tunatafuta ya mbinguni.” Hawa nawajibu kwa ukali zaidi, maana wanatumia imani kama pazia. Yezu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 537, inataka kila parokia iwe na baraza la mambo ya uchumi, na waamini wasaidie humo. Kanuni ya 1284 inawaamuru wasimamizi wa mali za Kanisa kuandika vizuri vitabu vya mapato na matumizi. Kanuni ya 1287 inataka waamini waelezwe juu ya mali walizozitoa. Yule aliyechapa kwa mara ya kwanza maelezo ya uandishi wa hesabu wa pande mbili, katika kitabu chake cha hisabati kilichotoka Venezia mwaka 1494, alikuwa Mfransisko na mwalimu, Luca Pacioli. Hakuuvumbua yeye, wafanyabiashara wa Venezia walikwisha kuutumia, naye aliuandika ili wengine wajifunze. Msingi wake ni rahisi: kila tendo la fedha lina pande mbili. Kikundi kikinunua ngoma kwa dola 80, sanduku limepungua dola 80, na mali ya kikundi imeongezeka ngoma ya dola 80. Ukiandika upande mmoja tu, mwaka ujao hakuna atakayejua kama ngoma ni ya kikundi au ni ya mtu aliye nayo nyumbani.

Sheria ya nchi nayo haitungoji. Kongo iliingia mwaka 2012 katika OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika zenye sheria moja za biashara na uhasibu. Tangu tarehe 1 Januari 2024, OHADA ina utaratibu wa uhasibu uliotungwa kwa ajili ya mashirika yasiyotafuta faida, na yale madogo yamewekewa njia nyepesi ya kuandika mapato na malipo. Anayesema kwamba chama cha kiroho hakihitaji vitabu vya hesabu anajidanganya mbele ya Kanisa na mbele ya Serikali.

Tuanze wapi?

Anzeni na fedha zenu wenyewe. Kwa miezi mitatu andikeni kila kinachoingia na kila kinachotoka, hata vocha za simu na pikipiki ya jioni. Anayeshindwa kuandika franka zake asijitwike za wengine.

Kisha kazini ombeni kuonyeshwa karatasi tatu. Ya kwanza ni daftari la sanduku, linaloonyesha fedha zilizoingia na kutoka. Ya pili ni taarifa ya mapato na gharama za mwaka, inayoonyesha kama kazi ile ilileta ziada au hasara. Ya tatu ni mizania, yaani “bilan”, inayoonyesha mali tulizo nazo na mahali zilikotoka: zetu wenyewe au za wanaotudai. Zilinganisheni. Shirika linaweza kuwa na ziada kwenye karatasi na sanduku tupu, kwa sababu wadaiwa hawajalipa. Linaweza pia kuwa na sanduku lililojaa na huku linafilisika, kwa sababu fedha ile ni ya mkopo. Atakayeielewa tofauti hiyo amekwisha kuvuka mto ulio mpana kuliko yote.

Katika vikundi vyenu wekeni desturi tatu. Anayeshika fedha asiwe ndiye anayeruhusu matumizi, na mtu wa tatu aandike. Kila mwisho wa mwezi fedha zihesabiwe mbele ya mashahidi wawili na kulinganishwa na daftari. Tofauti ikionekana iandikwe siku hiyo hiyo, bila kumtukana mtu. Na daftari lisomwe mkutanoni kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa, hata aliyejiunga juzi. Mzee au padri akikwazika kwa sababu kijana ameomba kuona daftari, kijana huyo aombe tena, kwa adabu na bila kurudi nyuma. Kuuliza hesabu si kumshitaki mtu. Ni kumpa nafasi ya kuonyesha uaminifu wake.

Vijana wapendwa, kesho ninyi ndio wakuu wa shule, waganga, wahandisi na wakurugenzi wa miradi. Mkienda huko na lile neno la tabasamu midomoni, mtaikuta tayari mezani karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine, ikingoja sahihi yenu. Jifunzeni kuisoma kabla ya kushika kalamu.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayeweza kusema leo ni kiasi gani kimo sandukuni, na anaweza kuonyesha hivyo kwa maandishi?

2. Ni chombo gani tulicho nacho (mashine, vyombo vya muziki, viti) ambacho hatujawekea akiba ya kukibadilisha?

3. Je, yuko kati yetu aliyewahi kutia sahihi ya mkopo au ya taarifa asiyoielewa? Angeuliza swali gani kama angerudi nyuma?

4. Ni nani parokiani mwetu anayejua uhasibu na anayeweza kutufundisha saa moja kila juma kwa miezi mitatu? Tutamwendea lini?